Shajara ya mradi: ramani ya Wadene wa kale na ushahidi wa ngozi na majivu

4 Februari

Ramani imeanza kupata sura. Msingi wake ni Amerika ya Kaskazini, kuanzia Alaska hadi mpaka wa Meksiko, na juu yake nimechora maeneo matatu ya lugha za Kiathapaska, yaani lugha za Wadene, watu asilia wa bara hilo ambao ramani hii inawafuatilia. La kwanza ndilo kubwa: Alaska ya ndani, kisha Yukon, Northwest Territories na kaskazini mwa British Columbia nchini Kanada, kwenda mashariki mpaka karibu na Hudson Bay. Humo wamo Wagwich'in, Wakoyukon, Waahtna, Watutchone, Wakaska, Wachipewyan na wengine wengi. La pili ni dogo, mabonde ya mito ya pwani ya Pasifiki penye mpaka wa Oregon na California, kwa Wahupa na Watolowa. La tatu liko kusini-magharibi mwa Marekani: Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, na jamaa zao Waapache. Kutoka Whitehorse huko Yukon hadi kaskazini mwa New Mexico ni zaidi ya kilomita 3,000 hata ukipita juu kama ndege, na bado lugha za pande hizo mbili ni za ukoo mmoja bila ubishi.

Tunachotaka ni ramani ya Kiswahili ya kubofya, kwa walimu wa historia na kwa yeyote anayependa habari za kale. Kila nukta itaeleza kilichopatikana, umri wake, na uzito wa ushahidi. Uzito nimeupa rangi. Kijani ni pale ushahidi unaposimama wenyewe. Manjano ni pale unapoelekea kuaminika lakini bado una mwanya. Kijivu ni pale kitu kipo, umri unajulikana, ila hatuwezi kusema kilikuwa cha nani.

Kuhusu chimbuko, wanaisimu wametangulia. Lugha za familia hii zinatofautiana zaidi kule kaskazini-magharibi, na hapo hapo pwani ya Alaska kulikuwa na Kieyak, ndugu wa karibu wa familia nzima, ambacho msemaji wake wa mwisho wa kuzaliwa nacho, Marie Smith Jones, alifariki mwaka 2008. Penye tofauti nyingi ndipo lugha zilipokaa muda mrefu. Edward Sapir alikwishaandika mwaka 1936 kwamba ndani ya Kinavajo chenyewe mna dalili za maisha ya kaskazini. Kwa hiyo uelekeo wa safari, kaskazini kwenda kusini, hauna ugomvi mkubwa. Ugomvi uko kwenye lini, kwa njia gani, na kwa sababu gani.

Nilimpelekea rasimu mwalimu wangu mstaafu wa historia, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hawa vyungu vyao viko wapi?" Swali la haki kabisa. Sisi tumefundishwa kufuata vyungu. Tunasema vyungu vya Urewe kando ya Ziwa Victoria, vya Kwale kuelekea pwani, kisha tunaunganisha na lugha za Kibantu. Wadene wa kaskazini kwa sehemu kubwa hawakutumia vyungu. Walipika kwa kutumbukiza mawe ya moto kwenye vyombo vya magome ya miti, wakavaa ngozi, wakatega kwa kamba za kano, wakajenga kwa miti na ngozi. Karibu kila kitu walichokijua vizuri ni kitu kinachooza. Nilimjibu Mwalimu kwamba hilo ndilo tatizo la mradi mzima, na ndiyo sababu ramani hii itapita kwenye sehemu ambazo ngozi na mti havikuoza: kwenye barafu, na kwenye mapango makavu.

11 Februari

Leo nimeshughulikia majivu.

Magharibi ya mpaka wa Alaska na Yukon, ndani ya milima ya Wrangell-St. Elias, uko mlima Churchill. Umelipuka mara mbili kwa kishindo ndani ya miaka 2,000 hivi iliyopita. Mlipuko wa kwanza ulimwaga majivu kuelekea kaskazini. Wa pili, ambao ni mkubwa zaidi, uliyapeleka mashariki, juu ya kusini mwa Yukon hadi ndani ya Northwest Territories. Huu wa pili unatajwa kuwa wa majira ya baridi ya mwaka 852 kuingia 853 BK, kwa sababu chembe zake zimekutwa ndani ya barafu ya Greenland, ambako matabaka huhesabiwa mwaka kwa mwaka. Chembe hizo hizo zimetambuliwa Ireland na Ujerumani. Kiasi kilichorushwa hukadiriwa kuwa kilomita za ujazo 50 hivi.

Ukisafiri kwa barabara kuu ya Alaska ndani ya Yukon, pale tingatinga zilipokata kingo za udongo, majivu haya yanaonekana kwa macho: mstari mweupe chini kidogo ya mizizi ya nyasi, mwembamba mahali pengine na mnene unapokaribia mlima. Kwa mwanaakiolojia ni zawadi. Kilicho chini ya mstari ni cha kabla ya mlipuko, kilicho juu ni cha baada. William Workman alitumia mstari huo katika eneo la Aishihik na Kluane, na mgawanyo wake bado unatumika: vifaa vya chini ya majivu huitwa vya awamu ya Taye Lake, vya juu yake huitwa vya awamu ya Aishihik.

Workman ndiye pia aliyesukuma mbele wazo ambalo kila msomaji wa habari hizi hukutana nalo: kwamba majivu yaliwang'oa watu, wakatawanyika, na kwamba mtawanyiko huo ndio mwanzo wa safari iliyoishia kwa Waapache na Wanavajo. Ni wazo zuri, na lina nguvu fulani. Majivu mengi juu ya malisho huua ukoka wa mawe (lichen) ambao kulungu wa aktiki (caribou) hula wakati wa baridi, husaga meno ya wanyama, huchafua mito ya samaki. Kuna ushahidi wa vinasaba pia. Watafiti walipolinganisha DNA ya kulungu wa kale wa kusini-magharibi mwa Yukon na ya kulungu wa sasa, waliona kwamba yapata miaka 1,000 iliyopita kundi la kale lilichukuliwa nafasi, kwa sehemu, na kundi lingine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2010. Mnyama aliyebeba maisha ya watu alipobadilika, watu hawakukaa vile vile.

Lakini tazama kilichopo ardhini. Kati ya Taye Lake na Aishihik kuna vitu vingi vinavyoendelea, na mstari mweupe umepita katikati ya mkondo uliokuwa ukitiririka na ukaendelea kutiririka. Watu walirudi, au wengine hawakwenda mbali. Utafiti wa karibuni kuhusu hali ya hewa haukuona pigo kubwa la baridi duniani kutokana na mlipuko huo. Na toka mwaka 853 hadi dalili za kwanza zilizo imara kule kusini kuna karne nne. Majivu yanaweza kuwa msukumo wa kwanza wa mtu kuhamia kwa mashemeji zake bonde la jirani, na mjukuu wake akasogea tena. Kudai kwamba yalimtoa mtu Yukon na kumfikisha New Mexico ni kuyabebesha mzigo yasiyouweza.

Nimeupa mlipuko wenyewe rangi ya kijani, kwa sababu ulitokea na tarehe yake inajulikana. Mshale unaotoka kwenye mlipuko kwenda kusini nimeupa manjano, na nimeuchora kwa mstari wa vitone.

15 Februari

Dokezo la kiufundi. Tarehe zote ndani ya ramani zitakuwa BK pale zinapojulikana kwa karibu, na "miaka iliyopita" pale ni za radiokaboni, yaani umri uliopimwa kwa kaboni iliyobaki ndani ya kitu, na zina upana. Mwenzangu wa ramani alitaka mfumo mmoja kote. Tumekubaliana viwe viwili, maana kuandika mwaka kamili pale maabara imetoa upana wa miaka 100 ni kumdanganya mwalimu atakayesimama mbele ya darasa.

23 Februari

Barafu. Sehemu hii niliingoja kwa hamu.

Milima ya kusini mwa Yukon ina mabaka ya barafu yasiyosogea kama barafuto. Theluji hujikusanya upande wenye kivuli, hugandamana, hubaki mwaka hadi mwaka. Wakati wa kiangazi kulungu wa aktiki hupanda juu yake kukimbia mbu na nzi wanaowasumbua chini. Wawindaji walilijua hilo miaka maelfu, wakawa wanawavizia pale pale. Silaha iliyokosa shabaha ilizama kwenye theluji ikabaki humo.

Mwaka 1997, kwenye mlima uitwao Thandlät karibu na ziwa Kusawa, mwanabiolojia mmoja na mkewe waliona ukanda mpana mweusi wa mavi ya kulungu kandokando ya barafu inayoyeyuka, mahali ambapo kulungu hawakuwa wameonekana kwa miaka mingi. Ndani ya mavi hayo kilipatikana kipande cha silaha ya mbao, na kipimo cha radiokaboni kikatoa zaidi ya miaka 4,000. Toka hapo mataifa asilia sita ya Yukon na wanaakiolojia wa serikali ya jimbo wamefanya kazi pamoja, wazee wakieleza, vijana wakipanda milimani, na zaidi ya vifaa 200 vimeokolewa. Vya kale kabisa vimepita miaka 9,000.

Sasa kile kinachotuhusu. Kwa miaka maelfu, silaha iliyomo katika barafu ile ni mkuki mwembamba wa kurushwa kwa kirusha-mkuki, ile fimbo fupi yenye kidoko mwishoni inayourefusha mkono wa mrushaji. Mbao zake ni za miti ya kaskazini kama mberishi (birch) na msprusi (spruce), zimeunganishwa vipande kwa vipande, zimefungwa kwa kano, nyingine bado zina mabaki ya manyoya ya ndege na alama za rangi nyekundu ya udongo. Kisha, yapata miaka 1,200 iliyopita, mikuki hiyo inakoma na upinde na mishale unashika nafasi. Hakuna karne nyingi za vyote viwili kwenda sambamba. Badiliko ni la ghafla, na limekaribiana sana na majivu.

Hapa wengi huruka kwenda kwenye hitimisho: watu wapya walikuja na upinde. Mimi sijashawishika. Upinde ni kifaa ambacho jirani akikuonyesha leo, kesho unao. Wapo wanaoona kwamba waliokimbia majivu walipata hifadhi kwa ndugu na washirika wao wa biashara upande wa pwani, wakarudi na silaha mpya. Wazo hilo naliona lina mashiko kuliko la uvamizi, kwa sababu linaeleza kwa pamoja kwa nini silaha ilibadilika na kwa nini mambo mengine mengi hayakubadilika. Nukta ya mabaka ya barafu: kijani kwa badiliko la silaha, kijivu kwa madai ya watu wapya.

Upande wa pili wa milima ya Mackenzie, katika nchi ya Wadene wa Milimani, barafu imetoa vipande vya mikuki ya kirusha-mkuki vya miaka 2,400, mtego wa kindi wa ardhini wa miaka 1,000, na mishale na pinde za miaka 850. Mtego ule wa kindi ndio umenigusa kuliko vyote. Kwenye mapango na kambi za kale tunapata ncha za mawe za wawindaji wa wanyama wakubwa, na ni rahisi kusahau kwamba siku nyingi familia ilikula kwa sababu mtu alijua kufunga kamba nyembamba mdomoni mwa shimo la mnyama mdogo. Mitego midogo ya namna hiyo karibu yote imeoza. Mmoja umebaki.

6 Machi

Nimeongeza mawe, kwa haraka, maana hayawezi kukosekana.

Obsidiani, yaani kioo cha volkeno ambacho wasomaji wa Naivasha wanakijua vizuri, ina sifa moja adimu: kemia yake hutaja mlima ilikotoka. Ile ya Batza Téna karibu na mto Koyukuk imesambaa Alaska. Ile ya mlima Edziza, katika nchi ya Watahltan, imefika pwani na imevuka milima kwenda mashariki. Karibu na Tulita, kwenye mto Mackenzie, kuna jiwe lingine lililookwa na matabaka ya makaa ya mawe yaliyowaka yenyewe chini ya ardhi, nalo lilibebwa mbali. Mawe haya hayasemi lugha ya mtu aliyeyabeba. Yanachosema ni kwamba kabla ya majivu na baada yake kulikuwa na njia, kulikuwa na watu wanaojuana umbali wa mamia ya kilomita. Mtu akihama, alihama akielekea kwa watu.

Upande wa mashariki, kwenye uwanda usio na miti kaskazini mwa Great Slave Lake na ziwa Athabasca, kuna mapokeo yanayoitwa Taltheilei. Yanaanza miaka 2,500 hivi iliyopita na yanaendelea bila kukatika mpaka kwa Wachipewyan wa nyakati za biashara ya manyoya. Ncha za mikuki zinabadilika polepole, kambi zinafuata njia zile zile za makundi ya kulungu. Kijani, bila kusita. Na Taltheilei ina somo kwa ramani nzima: Wadene hawa walikwisha fika mashariki muda mrefu kabla ya mlipuko mkubwa. Mtawanyiko wa familia hii haukungoja volkeno.

Kuhusu Alaska ya ndani: Swan Point katika bonde la Tanana ina umri wa miaka 14,000 hivi, na ni kati ya makazi ya kale kabisa ya bara hilo. Mwenzangu aliuliza kama tuiweke kama "Waathapaska wa kwanza". Nimekataa. Kutoka kwenye jiwe la miaka 14,000 hadi lugha ya leo hakuna daraja. Wanaakiolojia wa Alaska wanatumia jina la mapokeo ya Kiathapaska kwa kipindi cha miaka 1,500 hivi ya mwisho tu, pale vijiwe vidogo vyembamba vinapopungua na kushikwa nafasi na mifupa, pembe na shaba ya asili, na mashimo ya kuhifadhia chakula yanapoongezeka, kama kule Dixthada ambako Froelich Rainey alichimbua miaka ya 1930. Swan Point ni kijivu.

14 Machi

Mapango ya Promontory. Kama msomaji atabofya nukta moja tu kwenye ramani yetu, ningependa awe ameibofya hii.

Yako Utah, kwenye rasi inayoingia ndani ya Great Salt Lake kutoka kaskazini. Mwanaanthropolojia Julian Steward aliyachimbua mwaka 1930 na 1931, akachapisha kazi yake mwaka 1937. Ndani alikuta vumbi kavu, gome la mtarakwa wa huko, manyoya na mifupa ya nyati wa Amerika, na viatu vya ngozi, mokasini takriban 250. Hapakuwa na mahali pengine kusini kama hapo. Majirani wa eneo lile, ambao wanaakiolojia huwaita Wafremont, walikuwa na viatu vya namna nyingine kabisa na walilima mahindi. Steward aliviangalia viatu vile akakisia kwamba wenyewe walikuwa wageni kutoka kaskazini, pengine mababu wa Waapache na Wanavajo. Alisema hivyo bila radiokaboni na bila DNA. Alitazama mshono.

Mshono wenyewe uko hivi. Kipande kimoja cha ngozi kinafanya soli na kinapanda pande zote kuuzunguka mguu. Juu ya kiganja cha mguu kinawekwa kipande kingine kidogo chenye umbo la ulimi. Ngozi ya chini ni pana kuliko ulimi huo, kwa hiyo mshonaji anaikunja mikunjo midogo midogo mbele ya vidole, mmoja baada ya mwingine, na kuishonea pale kwa uzi wa kano, mpaka mbele ya kiatu pawe na kina. Nyuma ya kisigino mshono unafanya umbo la herufi T. Juu kunaongezwa ukanda wa ngozi wa kufungia kifundo cha mguu ili theluji isiingie. Ni kiatu cha nchi ya baridi, kimeshonwa kwa ustadi wa ukanda wa misitu wa kaskazini, na kimetengenezwa kwa ngozi ya nyati aliyewindwa Utah. Namna ya kushona ilikuja na mshonaji, na ngozi aliikuta.

Hapo ndipo ushahidi huu unapoushinda ule wa mawe. Ncha ya mshale unaweza kuiokota, kuinunua, kuiiga kwa kuitazama. Kushona mikunjo ile hakujifunzwi kwa kutazama kiatu kilichokwisha. Binti alikaa karibu na mama yake au shangazi yake, akaharibu ngozi, akafundishwa tena. Kama mshono umefika Utah, mwanamke aliyefundishwa kaskazini, au aliyefundishwa na mtu wa kaskazini, alifika Utah.

John Ives wa Chuo Kikuu cha Alberta na Joel Janetski wa Brigham Young walirudi kwenye mapango hayo miaka ya 2010. Vipimo vipya vya radiokaboni vimebana makazi ya pango kubwa ndani ya kipindi kifupi, takriban 1240 hadi 1290 BK. Kizazi kimoja au viwili. Viatu vilipopimwa urefu, ikaonekana kwamba vingi vilikuwa vya watoto na vijana. Hili linabadilisha picha nzima. Ukame ulikuwa umewabana wakulima wa eneo lile, mashamba ya mahindi yalikuwa yanaachwa, na wakati huo huo kundi hili la pangoni lilikuwa linakula nyati na swala wa kule, linazaa, linakua. Vifaa vingi vya michezo ya kubahatisha vimekutwa humo pia, na wachambuzi wamevisoma kama alama ya mikutano na watu wa nje, kwa sababu michezo ya namna ile ilichezwa wageni wanapokutana.

Uchunguzi wa isotopu, yaani alama za kikemia zinazoonyesha mnyama alikula nini na wapi, uliochapishwa mwaka 2021 umeongeza jambo. Ngozi nyingi zilitoka kwa nyati wa karibu, lakini ukanda mmoja wa kifundo ulitoka kwa nyati aliyekula nyasi za nchi ya joto zaidi, mamia ya kilomita kutoka pale. Kwa hiyo mtu wa pangoni alikuwa amekwisha kwenda huko akarudi, au alikuwa na jamaa huko. Safari za baadaye za kusini zilitanguliwa na kuijua njia.

Kijani. Na nimeomba mwenzangu wa ramani achore mshono kwa kalamu, hatua kwa hatua, uwe mchoro pekee mkubwa katika kazi hii yote.

Kusini mwa Denver, kwenye pango la Franktown huko Colorado, kuna vitu vinavyofanana na vya Promontory. Manjano.

20 Machi

Dada mhariri amemaliza kusoma mpaka Promontory. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Kaka, hawa Diné wenyewe wanasemaje? Naona umewauliza mawe, barafu na viatu tu."

Ana haki. Kwa Diné wengi, historia yao haianzi na safari kutoka Alaska. Watu walitoka ulimwengu mmoja hadi mwingine wakafika katika huu, na nchi yao iko kati ya milima minne mitakatifu: Sisnaajiní mashariki, Tsoodził kusini, Dookʼoʼoosłííd magharibi, Dibé Nitsaa kaskazini. Koo zao nyingi zina masimulizi ya kujiunga kwa makundi kutoka sehemu mbalimbali, wakiwamo watu wa Pueblo, majirani zao wakulima. Nimemwandikia: "Dada, nitaiweka milima minne kwenye ramani, kwa majina yao, wala sitaipa rangi ya kupima." Akajibu kwamba hapo ndipo swali lake lilipokuwa linaelekea.

Kaskazini, masimulizi na udongo yamekaribiana kwa namna inayostaajabisha. Katika bonde la Mackenzie, masimulizi yaliyoandikwa karne ya 19 yanataja mlima wa magharibi uliowaka na watu kutawanyika. Watafiti waliyachambua mwaka 1992 pamoja na habari za mlima Churchill. Sina sababu ya kuyachukulia kuwa pambo. Watu waliokuwa chini ya majivu yale walikuwa na watoto, na watoto waliuliza kilichotokea.

Kuhusu vinasaba, uamuzi ni kuandika kidogo. Taifa la Navajo lilisimamisha utafiti wa vinasaba katika ardhi yake mwaka 2002, na ramani yetu haitajaribu kuzunguka mlango uliofungwa na wenye nyumba. Tutasema lililo wazi: Wadene wa kusini wana ukoo wa kaskazini na pia ukoo wa majirani zao wa kusini, kama masimulizi ya koo yanavyosema.

29 Machi

Mwisho wa safari, upande wa kusini, umeingizwa.

Mwaka 1541 msafara wa Wahispania ulioongozwa na Coronado ulikutana kwenye nyika za kusini na watu walioitwa Querecho, wanaoishi kwenye mahema ya ngozi, wanaofuata nyati, na mbwa wakiwabebea mizigo. Wanahistoria wengi huwaona kuwa Waapache. Katika karne iliyofuata, mwaka 1630, padri Alonso de Benavides anawataja Waapache wa Navajo kama wakulima. Kati ya pango la Promontory na maandishi ya kwanza, yale ya 1541, kuna miaka 250 ambayo ardhi imeisimulia kwa shida, kwa sababu ile ile: kambi nyepesi, ngozi, miti, moto mdogo.

Huko Nebraska na Kansas kuna makazi yanayoitwa ya Dismal River, mengi ya kati ya 1675 na 1725, yenye nyumba za nguzo tano, mashimo ya kuokea na vyungu. Ndiyo, vyungu, na nimempigia Mwalimu simu kumwambia. Waapache wa nyikani walijifunza ufinyanzi, wakalima kidogo, wakafanya biashara na watu wa Pueblo. Upande wa New Mexico, katika bonde la Gobernador na maeneo yake, ambako Diné hukuita Dinétah, miti iliyotumika kujengea ilihifadhika vya kutosha kusomwa pete zake, na majengo ya mawe juu ya majabali yamepata tarehe zao, mengi ya nusu ya kwanza ya karne ya 18. Hapo kijani inarudi.

Kuhusu Wahupa na Watolowa nimeweka nukta za kijivu. Wamo katika familia, wana mito yao na samaki wao, na utamaduni wao wa vitu umefanana na wa majirani kiasi kwamba kuwatenga kwa vifaa pekee hakuwezekani. Lugha ndiyo shahidi wao.

5 Aprili

Hali ya kazi. Tabaka la majivu limekamilika pamoja na maelezo. Mabaka ya barafu ya Yukon na Mackenzie yamekamilika. Mwaka 2019 mabaka mengine yalichunguzwa karibu na mlima Edziza, yakatoa vyombo vya magome ya mberishi vilivyoshonwa na vipande vya silaha vya miaka maelfu. Hayo yanaingia wiki ijayo, na nitaweka kitufe kati yake na nukta ya obsidiani ya mlima ule ule ili msomaji aone jiwe na gome vikiwa pamoja. Barafu ile inayeyuka kila kiangazi, na gome likishakauka juani halidumu, kwa hiyo sehemu hii ya ramani tumeipangia kufanyiwa marekebisho kila mwaka.

Mchoro wa mshono umefika. Mikunjo mbele ya vidole inaonekana vizuri. Nimeomba jambo moja lirekebishwe: mshono wa kisigino uonyeshwe kwa nyuma na si kwa ubavu, ili ile T isomeke. Maandishi ya Promontory yamerudi kwa dada mhariri na ameacha swali pembeni, kama tunajua walikwenda wapi baada ya 1290. Nimemjibu aache nafasi hapo chini ya nukta ya Franktown, kwa sababu njia ya kutoka Utah kuvuka kwenda nyikani ndiyo kazi yangu ya mwezi huu.